Msituweke Mwisho wa Foleni

"Hata glavu hazitutoshi, ninyi mnatuletea DNA?" Swali hili, au lililo nduguye, huulizwa kila vinapotajwa vipimo vipya vya saratani mbele ya watu wa afya na watu wa siasa huku kwetu Tanga. Huulizwa kwa sauti ya mtu mzima aliyeona mengi, na ukumbi mzima huitikia. Kisha hufuata orodha: kwanza maji ya uhakika zahanati, kwanza umeme usiokatika, kwanza wauguzi, kwanza madaktari bingwa wa kutosha pale hospitali ya mkoa ya Bombo. Teknolojia ya vinasaba na chembe za nano isubiri. Ikija, ije mwisho, wenzetu wa Ulaya na Marekani wakishashiba.

Naipinga hoja hii. Siipingi kwa kuwa glavu zinatosha. Hazitoshi, na anayesema zinatosha hajapata kumsindikiza mzazi kwenye zahanati ya kijijini. Naipinga kwa sababu imesimama juu ya dhana potofu, kwamba kipimo cha kisasa ni pambo linalowafaa waliokwisha kujitosheleza kwa mengine yote. Mambo yako kinyume. Hospitali yenye bingwa wa maradhi ya wanawake, mtaalamu wa patholojia na maabara kamili inaweza kuvumilia kipimo dhaifu, maana yapo macho mengi ya kukisahihisha. Zahanati ya Mkinga yenye muuguzi mmoja haina macho hayo. Hiyo ndiyo inayohitaji zaidi kipimo kisichotegemea jicho la mtu.

Nitakaa zaidi kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hakuna saratani inayoua wanawake wengi nchini kuliko hiyo, na hakuna mahali ambapo neno "tusubiri" linaleta maafa makubwa kama hapo. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 peke yake wanawake 10,241 wa Tanzania walipata maradhi haya na 6,525 walikufa kwayo. Nayo si maradhi ya kushtukiza. Huanza na kirusi kiitwacho HPV, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo kwa pamoja ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Kirusi kikikaa mwilini bila kuondoka, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 kabla seli zilizoharibika hazijawa saratani kamili. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo mwanamke wa Kigombe anayefikishwa Bombo akivuja damu, kisha akaandikiwa safari ya kilomita zaidi ya 300 kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa mionzi, hakukosa muda wa kuokolewa. Muda ulikuwapo tele. Alikosa wa kumwambia mapema.

Kwa miaka mingi jibu letu limekuwa siki. Muuguzi hupaka asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki, juu ya mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha huangalia kama pametokea weupe. Kipimo hiki, ambacho kliniki zetu hukiita VIA, kimeokoa watu, na wauguzi waliokibeba mabegani mwao kwa mishahara midogo wanastahili heshima yangu na yako. Lakini kina udhaifu ambao hauondoki kwa mafunzo. Weupe huletwa na mengi: maambukizi ya kawaida, michubuko, uvimbe. Huku pwani, ambako kichocho cha mkojo ni maradhi ya tangu zama, mayai ya kichocho nayo huacha mabaka kwenye mlango wa kizazi yanayoweza kumchanganya mtazamaji. Na mwanamke akishakoma hedhi, sehemu inayopaswa kutazamwa hurudi ndani, muuguzi asiione hata akiwa hodari namna gani. Umri huo ndio saratani inapokaribia.

Wanaosema siki inatutosha waangalie kilichotokea Osmanabad, wilaya ya vijijini katika jimbo la Maharashtra nchini India. Huko wanawake 131,746 wa miaka 30 hadi 59 waligawanywa makundi manne: wa siki, wa kipimo cha seli chini ya darubini, wa kipimo cha vinasaba vya HPV, na wa huduma ya kawaida tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kipimo cha vinasaba, kilichofanywa mara moja tu katika maisha ya kila mwanamke, kilipunguza vifo vya saratani hii kwa karibu nusu katika miaka minane. Siki na darubini, kwa utaratibu huohuo wa mara moja, hazikuleta punguzo la vifo ambalo watafiti wangeweza kulithibitisha. Tena, miongoni mwa wanawake walioambiwa wako salama, walioambiwa hivyo kwa siki walipata saratani mara nne zaidi ya walioambiwa hivyo kwa kipimo cha vinasaba.

Najua mtetezi wa siki atanijibu kwa Mumbai. Ni kweli, huko wahudumu wa kawaida waliofunzwa vizuri walipunguza vifo kwa asilimia 31 kwa kutumia siki. Lakini waliwapima wanawake walewale tena na tena, kila baada ya miaka miwili, katika mitaa ya jiji ambako mhudumu hufika mlangoni kwa miguu. Nani atarudi kila baada ya miaka miwili kwenye vitongoji vya Mkinga masika yakiwa yamekata njia? Mahali ambapo mwanamke tutampata mara moja au mbili katika umri wake wote, ile mara moja lazima iwe na uzito. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, liliacha kuyumba likasema kipimo cha kuanzia kiwe cha vinasaba vya HPV: tangu miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa mwenye virusi vya UKIMWI tangu miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Hawakuwaandikia Waswisi peke yao. Mwongozo huo unazitaja waziwazi nchi zenye uwezo mdogo.

Halafu kuna stara, na hapa ndipo watu wa pwani wanaposemwa vibaya kuliko pote. Watoa huduma wengi hupenda kuwatolea wanawake wetu ile methali ya mficha uchi hazai, kana kwamba shida ni ukaidi. Mwanamke wa Tongoni au Moa aliyelelewa kuusitiri mwili wake huambiwa apande kitanda, atanue miguu mbele ya mtu ambaye huenda ni kijana wa kiume, huenda ni jirani atakayekutana naye kesho kisimani, kisha aingizwe chombo cha chuma cha kumpanua. Akirudi nyumbani bila kupimwa, ripoti huandika "mwamko mdogo wa jamii". Mimi siuoni udogo wa mwamko. Naona kipimo kilichobuniwa bila kumfikiria yeye.

Kipimo cha vinasaba hakimdai hayo. Hupewa brashi laini au kijiti chenye pamba, huingia nyuma ya pazia au chumbani kwake, hujichukulia sampuli mwenyewe ukeni, hukitia kijiti kwenye kichupa, amemaliza. Maabara ikitumia njia ya kuzidisha vinasaba, sampuli aliyojichukulia mwanamke hukaribia sana kwa ubora ile iliyochukuliwa na mtaalamu. Mtaani Kisenyi jijini Kampala, ambako wahudumu wa afya wa jamii walipeleka vijiti nyumba kwa nyumba, karibu wanawake wote waliopewa nafasi hiyo walijipima. Walioitwa kituoni kwa ajili ya siki, hata nusu hawakutimia. Na sisi Tanga tuna njia ambazo Kisenyi hawakuwa nazo. Tuna somo, mwanamke mtu mzima anayemfunda mwari mambo ya mwili wake bila haya na bila kumdhalilisha. Tuna makungwi, tuna vikoba, tuna shughuli za maulidi na harusi zinazokusanya wanawake wa Ngamiani na Makorora bila tangazo la redio. Kijiti kimoja kikielezwa na somo kitapita mahali ambapo mabango ya wizara hayajawahi kufika.

Swali la pili la wapingaji ni la mashine. Vinasaba, wanasema, vinataka maabara kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kule ambako wanaume hupelekana kugombea watoto. Ilikuwa hivyo zamani. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kwa kifua kikuu mwishoni mwa mwaka 2010, ni kisanduku cha kukaa mezani. Sampuli hutiwa ndani ya katriji ya plastiki, katriji husukumwa ndani ya mashine, na yote yanayobaki hufanyika humo humo: kupasua seli, kutoa vinasaba, kuvipasha na kuvipoza mara nyingi ili kipande kinachotafutwa kizidi hadi kionekane kwa mwanga. Kwa HPV majibu hutoka kwa muda wa saa moja hivi. Anayeiendesha si lazima awe na shahada. Na mashine hizi Tanzania tunazo kwa zaidi ya mwongo mmoja. Zimeshapima makohozi ya maelfu kwa maelfu ya watu wetu. Kinachotofautisha makohozi na HPV ni katriji tu. Mashine ileile, umeme uleule, mtu yuleyule.

Sisemi haina matatizo. Haipendi joto la kupita nyuzi 30, na Februari ya Tanga sote tunaijua. Inataka chumba chenye kiyoyozi, inataka umeme usiochezacheza, na sehemu zake zikiharibika zinataka fundi aje upesi. Lakini shida hizo tumezikubali kwa ajili ya kifua kikuu kwa sababu tuliona kifua kikuu kinastahili. Mwanamke wa miaka 45 na saratani yake hastahili kwa nini?

Nashangaa zaidi kwamba hoja ya "jicho la mtaalamu linatosha, vipimo ni anasa" inatolewa upande huu wa nchi. Palikuwa na mahali pa kufia hoja hiyo, na mahali penyewe ni hapa. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukanda wetu huu. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali walipimwa damu upya kwa uangalifu. Waliokutwa kweli na vimelea hawakufika nusu: asilimia 46 tu. Wengine wote walikuwa wakipewa kwinini kwa homa isiyokuwa malaria. Na hao wasiokuwa na vimelea ndio waliokufa zaidi, takriban 12 katika kila 100, huku wenye malaria ya kweli wakifa 7 katika kila 100. Madaktari walikuwa na uzoefu wa miaka, homa waliiona, mgonjwa alikuwa mbele yao. Jicho halikutosha, na watu walizikwa kwa maradhi ambayo hakuna aliyeyatafuta.

Baadaye vikaja vipimo vya haraka vya malaria, mRDT, na maneno yaleyale yakasemwa: ghali, vitaharibiwa na joto, wauguzi wa zahanati hawataviweza. Nakiri kwamba mwanzo haukuwa mzuri. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007, nalo la kaskazini mashariki, lilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa wakakutwa hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile, maana waganga waliamini mazoea yao kuliko kipimo. Ilibidi wafundwe, wasimamiwe, waone wenyewe. Leo hakuna mama Muheza anayekubali mwanawe aandikiwe dawa mseto kabla kidole hakijatobolewa. Teknolojia iliyoitwa ya anasa imekuwa haki anayoidai mnunuzi wa mchicha.

Sasa tazama ule mstari mwekundu unaotokea kwenye kipimo hicho cha malaria, au kwenye kipimo cha mimba kinachouzwa kwenye maduka ya dawa Chumbageni. Rangi ile, kwenye vipimo vingi, ni dhahabu. Ni chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Dhahabu ikisagika kufikia udogo huo huacha kuwa ya manjano, hugeuka nyekundu. Mwingereza Michael Faraday aliliona jambo hilo na kulichunguza katika miaka ya 1850. Kila chembe hubeba kingamwili inayomkamata anayetafutwa, awe kimelea au homoni ya mimba, na chembe nyingi zikikusanyika mahali pamoja jicho huona mstari. Haina betri, haina mashine. Hiyo ndiyo teknolojia ya nano katika sura yake ya manufaa makubwa kuliko zote, na imekuwa mifukoni mwa wauguzi wa Pangani miaka yote hii wakati wasomi wetu wakibishana ukumbini kama Tanga iko tayari kwa nano.

Mifano haiishii hapo. Mtoto akipelekwa kliniki kwa chanjo ya pentavalenti katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, anachomwa pamoja na mengine kinga ya homa ya ini aina ya B, kirusi kinacholeta saratani ya ini. Kinga hiyo ni chembe za protini ya ganda la kirusi, zilizotengenezwa ndani ya hamira, upana wake nanomita 22 hivi. Ni chembe za nano za kuzuia saratani, na mama yake mtoto amezikubali tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila mtu kumwuliza kama yuko tayari. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijengwa juu ya chembe za namna hiyohiyo, na katika jaribio lake kubwa la mwaka 2009 hadi 2014, lililohusu watoto wachanga na wadogo 15,459 wa nchi saba za Afrika, vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Watoto wa mkoa huu waliichukua chembe ya nano miilini mwao ili dunia ijue kama inafanya kazi.

Chanjo ya HPV yenyewe ndiyo mfano mzuri kupita yote. Mwaka 1991 Jian Zhou na Ian Frazer, wakiwa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, walifaulu kuzifanya protini za ganda la HPV zijikusanye zenyewe na kuwa ganda kamili, mpira mdogo wa nanomita 55 hivi wenye vifundo 72. Ndani yake hamna kitu. Hamna vinasaba vya kirusi, kwa hiyo hauwezi kuambukiza, hauwezi kuzaana, hauwezi kuingia kwenye mayai ya uzazi ya binti wa mtu; na wanaoeneza uvumi wa ugumba huku mitaani wanawafanyia binti zetu ukatili wasiojua ukubwa wake. Tanzania iliianzisha nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja, ikawachanja wa miaka 9 hadi 14. Ushahidi wa dozi moja haukuagizwa kutoka nje. Mwanza walifuatiliwa wasichana 930. Kenya, katika Thika, Nairobi na Kisumu, walifuatiliwa wanawake vijana 2,275, na dozi moja ikawakinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina ya 16 na ya 18.

Hapa kuna hoja moja laini ambayo huwashinda hata watu wema: kwa kuwa sasa wasichana wanachanjwa, tusiendelee kuhangaika na vipimo, saratani itaisha yenyewe. Fanya hesabu. Aliyechanjwa mwaka 2018 akiwa na miaka 14 atafika miaka 30 mwaka 2034. Mama yake, shangazi zake, mwalimu wake wa darasa la nne, wote hawakuchanjwa, na wengi wao kirusi wanacho au wamewahi kuwa nacho. Kuwaambia hao wasubiri chanjo ya binti zao ni kuwaambia wafe kwa utaratibu.

Inaniuma zaidi habari ya asili ya elimu hii. Mwaka 1983 kikundi cha Harald zur Hausen nchini Ujerumani kilipotangaza kwamba kimekuta vinasaba vya HPV 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi, ugunduzi uliompa Nobel mwaka 2008, sampuli walizochunguza hazikuwa za Wajerumani peke yao. Zilikuwamo za wanawake wa Kenya na Brazil. Mwaka uliofuata, HPV 18 nayo ilikutwa katika uvimbe wa wanawake wa Afrika. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu, Epstein-Barr, kilionekana katika seli zilizosafirishwa kutoka Uganda, za uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt alikuwa akiueleza kutoka hospitali ya Mulago, Kampala, tangu mwaka 1958. Miili ya watu wa Afrika Mashariki imo ndani ya msingi wa nyumba hii. Kuambiwa leo kwamba chumba chake hakitufai ni jambo nisiloweza kulisikia kimya.

Na kazi inaendelea. Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na hospitali za Uganda, wamekuwa wakitafuta vipande vya vinasaba vya kirusi hicho cha Epstein-Barr vinavyoelea katika damu ya watoto wenye uvimbe, ili saratani ya limfu ijulikane kwa sindano ya mkononi pale ambapo kukata nyama na kungojea mtaalamu wa patholojia kunamaliza wiki ambazo mtoto hana. Huko ndiko ninakotaka Tanga iangalie.

Lakini siombi kila kitu chenye jina la nano. Ushabiki wa kupokea kila kipya ni dhara lilelile limegeuka upande. Kwa miongo kadhaa tumeahidiwa chembe zitakazobeba dawa moja kwa moja hadi kwenye uvimbe na kuuacha mwili salama. Mwaka 2016 watafiti walikusanya majaribio ya miaka 10 kwa wanyama wakapiga hesabu: kwa wastani, dawa iliyofika kwenye uvimbe ilikuwa asilimia 0.7 tu ya chembe zilizochomwa. Zilizobaki zilimezwa na ini, bandama na kwingineko. Zipo zilizofaulu. Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya saratani ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, maradhi ambayo Afrika Mashariki ilikuwa imezama ndani yake, na wagonjwa wetu wengi wakaendelea na vincristine na bleomycin. Hilo lilikuwa dhuluma. Ila fedha kidogo tulizo nazo leo sitaki ziende kwenye tiba za mwisho zinazomwongezea mtu miezi, wala kwenye kile kipimo cha damu cha Kimarekani cha saratani nyingi kwa pamoja kinachouzwa takriban dola 950. Nataka ziende kwenye kugundua mapema, ambako chembe na vinasaba vimekwisha kuthibitika.

Pingamizi moja naliheshimu kwa dhati. Kumpima mwanamke, kumwambia ana HPV, kisha kumwacha bila tiba, ni kumtwisha hofu na kumwacha njiani. Aliyelitoa pingamizi hili ana haki, na mpango wowote wa vipimo usiokuwa na jibu lake usianzishwe. Jibu lakini lipo. Tafiti zilizofanywa Tanzania zimewahi kukuta HPV hatari kwa takriban mwanamke 1 kati ya 5. Wanne wanarudi nyumbani na utulivu wa miaka mitano au zaidi, na muuguzi sasa ana mtu mmoja wa kumtazama kwa siki yake, si watano. Akionekana na dalili zinazotibika, kipo kifaa cha kuunguzia, cha kushika mkononi, kinachotumia betri, kinachopata joto la nyuzi 100 na kuziua seli mbaya kwa chini ya dakika moja kila kinapowekwa. Mitungi mizito ya gesi iliyokuwa ikihitajika kwa tiba ya kugandisha, ambayo ilikwisha na kukaa miezi bila kujazwa, haihitajiki tena. Mwenye dalili za saratani yenyewe ndiye apelekwe Bombo na mbele zaidi.

Inabaki bei, na hapa nitakubaliana na wapingaji kwamba ni kikwazo, nisikubaliane kwamba ni amri ya mbinguni. Katriji ya kifua kikuu iliuzwa dola 9.98 kwa zaidi ya miaka 10. Septemba 2023, baada ya wanaharakati wa nchi nyingi kupiga kelele bila kuchoka, mtengenezaji akaishusha hadi dola 7.97. Katriji ya HPV bado iko juu ya hapo. Itashuka kwa njia ileile, kwa kelele na kwa kununua kwa wingi, na Tanzania, Kenya na Uganda zikiagiza pamoja zitakuwa mteja ambaye hakuna kampuni itakayomdharau. Nchi isiyoagiza kwa kusubiri bei ishuke inahakikisha haishuki.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Wabunge wa mkoa wa Tanga wadai kipimo cha vinasaba vya HPV kiwemo katika kitita cha msingi, si katika mafao ya ziada ya wenye nacho. Na madiwani wasingoje Dodoma. Bajeti ya halmashauri huanza kujadiliwa miezi mingi kabla ya Julai. Mkinga, Pangani, Muheza na Korogwe kila moja iandike humo katriji za kuanzia, vijiti vya sampuli, kifaa kimoja cha kuunguzia kwa kila kituo cha afya, na nauli ya kwenda na kurudi ya kila mwanamke atakayetakiwa kufika Bombo.